Sanaa ya utendaji si igizo la nje

Msanii akilala kwenye majani, au akitembea kimya ufukweni watu wakimtazama, hakosi mtu wa kusema: "Kumbe ni igizo, ila wamelitolea nje." Nimelisikia hilo mara nyingi mno, na kila mara naona linaifuta kazi yenyewe.

Sanaa ya utendaji ni ile ambayo kazi yake ni tendo la msanii mwenyewe, kwa mwili wake, mahali fulani, kwa muda fulani. Ikifanyika nje, ardhi, maji na upepo navyo huingia kazini. Maana ni hiyo tu.

Shida iko kwenye neno igizo. Limetoka kwenye kuiga, na anayeiga lazima awe na wa kumwiga: mfalme, mlevi, mama mkwe. Mwigizaji akifa jukwaani, pazia likishuka huinuka akaenda kula. Kutenda ni kitenzi kingine kabisa, chenye ukoo mzito: tendo, utendaji, hata utendi, ambao wengine huuita utenzi, ule ushairi mrefu unaosimulia waliyoyatenda watu. Waliosoma fasihi simulizi wanalijua neno utendaji tangu darasani. Ngano haikamiliki mpaka fanani, yaani msimulizi wake, aitoe mbele ya hadhira. (Mtendaji limeshachukuliwa na maofisa, ndiyo maana mimi husema msanii wa utendaji.)

Mtazame msanii Ana Mendieta. Alizaliwa Havana, Kuba, mwaka 1948. Mwaka 1961, akiwa na miaka 12, yeye na dada yake walipelekwa Marekani bila wazazi. Miaka ya 1970, huko jimboni Iowa na nchini Meksiko, alikuwa akiliacha umbo la mwili wake ardhini: kwenye tope, kwenye majani, kwa maua, kwa moto. Mwaka 1976, kwenye ufuko mmoja wa Meksiko, alilichimba mchangani karibu kabisa na maji, akalijaza rangi nyekundu. Kisha akayaachia mawimbi. Katika picha alizopiga, wekundu unachujuka, kingo zinamomonyoka, wimbi kwa wimbi, umbo linapotea.

Hapo anaigizwa nani? Hakuna mhamaji wa kubuni. Mwenye umbo ndiye aliyeng'olewa kwao, na wimbi ni wimbi, halikufanyishwa mazoezi. Ukiihamishia kazi hiyo ukumbini, hupati igizo lenye paa. Hupati kitu, maana anayefuta hayupo.

Kwa hiyo ukiandika mwaliko wa kazi ya namna hii, tafadhali andika sanaa ya utendaji, na badala ya "nje" taja mahali penyewe: ufukweni, msituni, mtoni. Ikiwa kuna wahusika na maneno yaliyokaririwa, hilo kweli ni igizo, hata likichezwa chini ya mti. Liite hivyo bila wasiwasi.