Kwa nini madishi ya Mauna Loa yalibadilishwa?

Je, wajua kuwa mojawapo ya darubini zilizopokea mwanga wa kale kuliko wote ilianza kazi na madishi yaliyolingana na lile la king'amuzi kwenye paa la jirani yako? Inaitwa AMiBA. Wanasayansi wa Taiwani waliijenga Hawaii, kwenye mteremko wa volkano ya Mauna Loa, mita 3,396 juu ya usawa wa bahari. Ilipozinduliwa mwaka 2006 ilikuwa na madishi 7, kila moja sentimita 60 hivi, yote juu ya jukwaa moja.

Mwanga wenyewe ulianza safari ulimwengu ukiwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Bado unatufikia kutoka kila upande wa anga, ila kupanuka kwa ulimwengu kumeunyoosha ukawa mawimbi ya mikrowevu, na umepoa hadi nyuzi 270 za Selsiasi chini ya sifuri.

Usidharau dishi dogo. Kadiri dishi linavyokuwa dogo, ndivyo linavyoona eneo pana la anga. Lile la sentimita 60 liliona kipande cha takriban robo tatu ya upana wa mwezi mpevu, na mabaka ya mwanga huo wa kale, yaani sehemu zenye joto kidogo zaidi au pungufu, ni mapana, mengi yanakaribia miezi miwili.

Lakini wanasayansi hao walitaka pia makundi ya galaksi. Ndani yake mna gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Mwanga wa kale ukipita humo, elektroni za gesi hiyo huupiga kikumbo na kuuongezea nguvu, mawimbi yake yakawa mafupi zaidi, kwa hiyo kwenye mawimbi ya milimita 3 yaliyopokewa na AMiBA, mahali hapo huonekana pamefifia, kama kivuli. Wanafizikia Rashid Sunyaev na Yakov Zel'dovich walilieleza jambo hili tangu miaka ya 1970.

Madishi 7 yaliviona vivuli vya makundi sita, likiwemo Abell 1689, lakini kwa ukungu. Ndipo yakafungwa madishi 13 ya mita 1.2. Eneo la kukusanyia mawimbi likaongezeka zaidi ya mara 7. Na kwa kuwa madishi hufanya kazi mawili mawili, jozi zikapanda kutoka 21 hadi 78, picha ikawa kali zaidi. Gharama yake ni kwamba kipande cha anga kinachoonekana kwa mara moja kilipungua upana kwa nusu.

Kinachonivutia zaidi ni kivuli chenyewe. Galaksi ikiwa mbali hufifia, lakini kivuli hiki hakipungui kina kwa sababu ya umbali, kwani mwanga unaopimwa unatoka nyuma ya kundi.