Mtoto wa Olduvai aliugua nini? Maswali na majibu kuhusu upungufu wa lishe kwenye mifupa ya kale

Mtu amekufa maelfu ya miaka iliyopita. Mfupa wake unawezaje kuonyesha alikosa chakula gani?

Mfupa wa mtu aliye hai haukai kama jiwe. Kila siku unabomolewa kidogo na kujengwa upya, na ujenzi huo unataka protini, kalsiamu, vitamini C, vitamini D na vingine. Kimojawapo kikikosekana kwa miezi mingi, mfupa hujengwa vibaya, na ubovu huo hubaki hata nyama ikishaoza.

Ushahidi wa namna hiyo upo Afrika Mashariki?

Upo, tena wa kale mno. Huko Olduvai, Tanzania, kwenye eneo liitwalo SHK (hiyo K ni "korongo", neno letu wenyewe), watafiti walipata vipande vya fuvu la mtoto wa miaka ipatayo 2. Vipande hivyo vina umri wa takriban miaka milioni 1.5. Timu iliyoongozwa na Manuel Domínguez-Rodrigo ilichapisha matokeo mwaka 2012: mfupa ule ulikuwa umetoboka vitundu vidogo vidogo, mfano wa sifongo, na wao waliona hiyo ni dalili ya upungufu wa damu.

Chembe nyekundu za damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Damu ikipungua, uboho hujitahidi kufidia; hutanuka na kudai nafasi zaidi. Kwa mtoto mdogo, hata mifupa ya fuvu imejaa uboho unaotengeneza damu, kwa hiyo ganda la nje la fuvu husukumwa, hukonda, na mwishowe hutoboka.

Basi alikosa madini ya chuma?

Wengi wetu tungejibu hivyo haraka, na kwa miaka mingi wataalamu nao walijibu hivyo. Lakini mwaka 2009 mtafiti wa mifupa ya kale Phillip Walker na wenzake walitoa hoja nzito: uboho hauwezi kuzalisha chembe kwa wingi huku chuma chenyewe hakuna. Kwa maoni yao, vitundu vile huelekea zaidi kutokana na ukosefu wa vitamini B12, au maradhi yanayovunja chembe za damu. Si wote waliokubali, na mjadala haujafungwa.

Kwa mtoto wa Olduvai, watafiti waliona B12 inahusika. Vitamini hiyo tunaipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Huenda alikuwa ameachishwa ziwa na hakupewa nyama ya kutosha, au alikuwa bado ananyonya na mama yake mwenyewe hakuwa nayo, maana mama mwenye upungufu wa B12 hutoa maziwa yenye upungufu huohuo. Wakahitimisha kwamba tayari zama zile miili ya viumbe wa jamii yetu ilikuwa imezoea nyama kiasi cha kuugua ikikosekana. Mimi naona mtoto mmoja ni mdogo kubebeshwa hoja kubwa hivyo. Lakini umri wake unanigusa: miaka 2 ndio umri uleule wa hatari tunaouona kliniki hadi leo, ziwa linapokoma na uji mtupu kushika nafasi yake.

Na kiseyeye?

Kiseyeye huletwa na ukosefu wa vitamini C. Mishipa midogo ya damu hulegea na kuvuja, na damu ikivujia juu ya mfupa, mwili hujenga tabaka jipya la mfupa mahali hapo. Kwenye fuvu alama hutokea pale misuli ya kutafunia inapojishikiza, kwa sababu kila mara mtoto anapotafuna, mishipa dhaifu hupasuka tena. Mwaka 2016 ilitolewa taarifa ya mtoto mchanga wa Nag el-Qarmila, karibu na Aswan nchini Misri, aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, mwenye alama zinazofanana na za kiseyeye.

Pwani yetu imewahi kukutana na ugonjwa huu. Baharia Mreno Vasco da Gama alipofika Malindi Januari 1499 akitokea India, baada ya karibu miezi 3 baharini, watu wake 30 walikuwa wamekufa na waliobaki fizi zimevimba hadi kufunika meno. Alituma mtu nchi kavu alete machungwa, maana wagonjwa waliyatamani sana.

Matege ni ugonjwa wa maskini?

Hapana. Huko Florence, Italia, mifupa ya watoto wa ukoo tajiri wa Medici imekutwa na matege. Walifungwa nguo nzito na kulelewa ndani, ngozi isione jua, na bila jua mwili hautengenezi vitamini D ya kutosha.

Mifupa isiyo na alama ni ya watu walioshiba?

Si lazima. Alama huhitaji muda. Mtoto aliyeuawa na njaa ndani ya wiki chache huacha mifupa misafi, na yule mwenye vitundu aliweza kuishi na ugonjwa kwa miezi. Tangu 1992 wataalamu wa mifupa ya kale wamekuwa wakikumbushana jambo hili.

Mwanangu ana mwaka na nusu na viganja vyake vimepauka. Nimpe dawa ya kuongeza damu?

Mpeleke kwanza akapimwe. Malaria, minyoo, siko seli, ukosefu wa chuma na ukosefu wa B12 vyote hupunguza damu, na kila kimoja kina tiba yake. Wakati huohuo endelea kumnyonyesha, na usimpe uji mtupu: changanya dagaa waliosagwa, yai au maziwa, na umpe matunda kila siku.