Intaneti ya kasi haitawaweka kwenye mdundo mmoja ndani ya VR

Nimeisikia tena: "Tukipata intaneti ya kasi zaidi, wanamuziki watapiga pamoja ndani ya VR (uhalisia pepe) kana kwamba wako jukwaa moja." Jamani, hapana. Megabiti mnazouziwa ni upana wa bomba; kinachovuruga muziki ni muda wa safari. Mwanga kwenye nyuzi za kioo hukata takribani kilomita 200 kwa milisekunde. Kilomita 3,000 zimeshakula milisekunde 15, na kebo hazipiti njia iliyonyooka. Ongeza bafa, yaani akiba fupi ya sauti inayosubiri kuchakatwa: sampuli 256 kwa kHz 48 ni milisekunde 5.3 kuingia na 5.3 kutoka; fremu (kipande kimoja cha sauti) ya Opus, mfumo wa kubana sauti, kwa kawaida milisekunde 20; halafu bafa ya kupanga paketi zinazofika ovyo. Ucheleweshaji ukizidi milisekunde 25 hadi 30, kila mpigaji anamsubiri mwenzake na tempo inashuka. Hedifoni za Bluetooth wekeni kando kabisa: peke yake mara nyingi huongeza zaidi ya milisekunde 100.

Kwa hiyo tuma tukio badala ya sauti: ngoma ipi, nguvu kiasi gani, pigo la ngapi. Vifaa vyote vifuate saa ya seva. Kila kimoja kiulize saa mara kadhaa, kishike jibu lililorudi upesi kuliko yote, kisha kiiongezee saa hiyo nusu ya muda wa kwenda na kurudi. Mpigaji asikie pigo lake papo hapo. Wenzake walisikie mzunguko mzima baadaye, sekunde 2 kwa mapigo manne ya tempo 120. Muziki wa kujirudia unakubali hilo, wimbo wa kuitikiana haukubali.

Linaloniudhi hasa ni vichwa vya avata, yaani miili ya kidijitali ya watu ndani ya VR, vinavyotikisika kwa mdundo. Wasikilizaji wote wanasikia wimbo kwa saa ileile, lakini kichwa cha jirani kinafika kwako kimechelewa milisekunde 150, karibu theluthi ya pigo. Unamwona kama mtu asiye na sikio la muziki, naye hana kosa. Wengi hukimbilia kubashiri mwendo. Matokeo yake mkono unaoshuka kwa kasi unapenya ngozi ya ngoma, kisha unaruka kurudi, kwa sababu programu haikujua kwamba utasimama.

Ongeza ucheleweshaji! Shikilia mwendo hadi jumla ifike milisekunde 500, pigo moja kamili, na kichwa kinaangukia mahali pake. Kwa hatua za kushoto na kulia shikilia mapigo mawili, la sivyo mguu wake wa kushoto utaangukia zamu ya kulia. Na hesabu kwa mapigo, si kwa milisekunde, maana tempo ikibadilika kipimo cha milisekunde kinaharibika.

Shaka yangu iko kwenye mazungumzo. Mtu akikuitikia swali kwa kichwa, nusu sekunde ni nyingi mno. Ninachofanya ni kuacha mikono na kiwiliwili vifuate mdundo, sauti na uso viende bila kusubiri, na kichwa kihamie upande wa uso, usiosubiri, mara tu maikrofoni ya yeyote kati ya wanaozungumza inapofunguka. Ukitazama kwa karibu, shingo inaruka kidogo wakati wa kuhama. Kulainisha kwa robo sekunde kunapunguza mruko huo, ila hakuuondoi, na bado sijaridhika.