Bili za maduka ya nguo ya karne ya 19: usidanganywe na mchoro

Ukishika bili ya duka la nguo la New York au London ya miaka ya 1880, jicho hukimbilia mchoro wa juu: jengo la ghorofa sita, bendera zikipepea, magari ya farasi yamejaa barabarani. Wengi huamini duka lilikuwa hivyo kweli.

Mchoro ule ulikuwa tangazo. Mchoraji alilikuza jengo na kuwafanya wapita njia wadogo kama sisimizi. Aliyepanga ghorofa moja tu aliweza kuonyesha jengo zima kama lake. Ukweli uko chini, kwenye mwandiko wa karani: yadi ngapi za kitambaa, dazeni ngapi za vifungo, bei gani, deni lilipwe lini. Mimi husoma hapo kwanza.

Dhana nyingine: mwaka uliochapwa ndio umri wa karatasi. Mara nyingi ni mwaka biashara ilipoanzishwa. Brooks Brothers ya New York ilianza 1818, kwa hiyo kuukuta mwaka huo kwenye karatasi yake ya 1890 si ajabu. Tarehe yenyewe ilimaliziwa kwa mkono: mpiga chapa aliacha “187” na nafasi, karani akajaza. Hata maneno ya tangazo husaidia. Karatasi ya Levi Strauss & Co. inayosifu hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya ribiti za shaba, vile vipini vya kukazia mishono ya suruali, haiwezi kutangulia Mei 20, 1873, siku hataza ilipotolewa.

Na wanaosema karatasi ya zamani zaidi ndiyo dhaifu zaidi? Karatasi ya 1825 huweza kuwa laini na imara kuliko ya 1895. Ile ya kwanza ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani. Hili hunigusa kila mara: nguo zilizochakaa ziligeuka karatasi, na juu yake zikaandikwa nguo mpya. Rojo la mbao lilipochukua nafasi, lilikuja na asidi inayoifanya karatasi iwe njano na kukatika kwenye mikunjo.

Wino wa kahawia si dalili ya bandia. Wino wa wakati huo, uliotengenezwa kwa chumvi za chuma, ulikuwa mweusi, ukabadilika kwa miaka.

Tafadhali, usibandue stempu ya ushuru ukidhani ndiyo pekee yenye thamani. Uingereza, kuanzia 1853, risiti ya pauni 2 na zaidi ilihitaji stempu ya peni moja, na muuzaji alitia sahihi juu yake. Ukiibandua, nusu ya jina lake inaondoka nayo.