Kuhamia Kanada kama mkulima mwenye shamba: anza na makaratasi ya shamba ulilonalo

Matangazo ya "njoo Kanada ulime, upate ukaazi" bado yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na mengi yanauza milango iliyokwisha kufungwa. Serikali kuu ya Kanada iliondoa kipengele cha usimamizi wa shamba katika mpango wake wa watu waliojiajiri tangu Machi 2018. Jimbo la Saskatchewan, lililokuwa na njia mahususi ya mmiliki na mwendeshaji wa shamba, liliifunga Machi 27, 2025 pamoja na ile ya wajasiriamali. Anayekuomba ada leo ili akuwahishie nafasi Saskatchewan kama mwenye shamba anakuuzia hewa. Katika nyanda za magharibi, njia zinazomlenga mkulima zimebaki Manitoba na Alberta.

Manitoba inataka mwombaji awe na mali isiyopungua dola za Kanada 500,000 baada ya kutoa madeni, awe ameendesha shamba kwa miaka isiyopungua mitatu, na awekeze angalau dola 300,000 katika shamba lililoko vijijini. Alberta inataka uthibitisho kwamba unaweza kuweka dola 500,000 za mtaji wako, mchanganuo wa biashara, na barua ya taasisi ya fedha ya Kanada iliyo tayari kukukopesha. Dola 500,000 ni zaidi ya shilingi milioni 40 za Kenya. Ni fedha nyingi, lakini mwenye ekari kadhaa Kiambu au pembezoni mwa jiji la Arusha anaweza kuwa nazo ardhini bila kujijua. Kinachowakwamisha watu wa aina hiyo ni kuthibitisha.

Afisa aliyeko Winnipeg, mji mkuu wa Manitoba, hajui shamba la ukoo. Kama hati bado ina jina la marehemu babu, kwa karatasi ardhi hiyo si yako, hata kama umeilima miaka ishirini na kijiji kizima kinakushuhudia. Maliza mirathi kwanza. Tanzania, hatimiliki ya kimila inathibitisha haki yako, lakini kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kuihamishia ardhi hiyo kwa mtu wa nje kunapitia halmashauri ya kijiji, kwa hiyo usiipigie bei kama kiwanja kilichopimwa mjini. Kenya, kuuza ardhi ya kilimo kunahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na kama ni ardhi ya ndoa, ridhaa ya mwenzi wako. Mwenye haraka hapa huuza kwa hasara, au hupokea fedha taslimu bila mkataba, kisha hawezi kueleza zilikotoka. Wakaguzi wa mali hufuata kila senti hadi chanzo chake.

Uzoefu nao una karatasi zake. Taarifa za malipo ya majani chai, stakabadhi za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima Tanzania) za kahawa au korosho, ritani za kodi, risiti za mbolea, kumbukumbu za chanjo za ng'ombe: hivi vina uzito kuliko barua ya mwenyekiti wa kijiji inayosema wewe ni mkulima hodari. Na wale wanaolima kwa simu, waliopo mjini huku msimamizi akipiga picha za mahindi na kuwatumia, wajue kwamba Manitoba inataka mtu atakayeishi shambani na kulifanyia kazi mwenyewe.

Usichanganye njia hii na vibarua. Mpango wa Kanada wa wafanyakazi wa msimu mashambani unahusu Mexico na nchi za Karibi. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo, na wakala anayekusanya pesa kwa jina la mpango huo ni tapeli.

Kuna sheria nyingine ambayo mawakala hawaitaji kabisa. Kibali cha kuhamia ni kitu kimoja, haki ya kumiliki ardhi ya kilimo ni kingine. Mtu asiye raia wala mkaazi wa kudumu hawezi kwa kawaida kumiliki zaidi ya ekari 20 Alberta, na 40 Manitoba, ingawa Manitoba huwalegezea wanaokusudia kuhamia Kanada ndani ya miaka miwili. Saskatchewan kikomo ni ekari 10. Kwa mkulima wa Kirinyaga ekari 40 ni utajiri. Huko, sensa ya kilimo ya 2021 ilikuta wastani wa shamba la Saskatchewan ni ekari zaidi ya 1,700. Nafaka zinalimwa kwa ukubwa huo kwa sababu msimu ni mmoja tu: unapanda Mei, unavuna kuanzia Agosti, na kombaini ikiharibika wakati huo hakuna vuli ya kukufidia.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanahitaji tahadhari ya pekee, maana wengi wao hudhani maziwa ndiyo njia rahisi. Kanada huwezi kununua ng'ombe na kuanza kupeleka maziwa kiwandani. Maziwa, mayai na kuku wa nyama vinazalishwa kwa mgawo, yaani kiasi unachoruhusiwa kuzalisha, na mgawo wa maziwa hununuliwa kwa kilo ya mafuta ya maziwa kwa siku, ambayo ni takriban ng'ombe mmoja. Ontario imeiwekea bei hiyo kikomo cha dola 24,000 kwa kilo, na Alberta huwa juu zaidi. Piga hesabu ya ng'ombe 30 kabla hujanunua hata ndoo. Ng'ombe wa nyama, kondoo na mboga havimo katika utaratibu huo, na ndiko mgeni mwenye mtaji wa kawaida anakoweza kuanzia.

Ukitaka msaada wa kulipia, ni wanasheria wa Kanada, au washauri waliosajiliwa na College of Immigration and Citizenship Consultants (Quebec ina utaratibu wake), wanaoruhusiwa kukuwakilisha kwa malipo. Orodha ya washauri hao iko wazi mtandaoni. Litafute jina la wakala wako humo kabla ya kumtumia hata nakala ya pasipoti.