"Nakubali Kabisa" Si Kipimo cha Mtazamo

Nimeletewa tena dodoso lile lile la kupima mtazamo wa wafanyakazi kuhusu watu wenye ulemavu kazini, na meneja mwingine: "Watu wenye ulemavu wana haki sawa ya kuajiriwa." Karibu wote wametia vema kwenye "nakubali kabisa", na ripoti inasema kampuni haina ubaguzi.

Dhana: Wakikubali wengi, mtazamo ni mzuri.
Hasha. Nani atakataa kauli hiyo, tena dodoso limetoka kwa bosi? Hapo umepima adabu. Kwenye karatasi moja mtu ametia vema "nakubali kabisa", kisha pembeni akaandika kwa kalamu: "ila si kitengo chetu, huku kazi ni za haraka." Maneno hayo yamenifaa kuliko vema zote. Meneja hakuyaingiza kwenye hesabu.

Marekani, watafiti walituma maombi zaidi ya 6,000 ya kazi za uhasibu kwa majina ya kubuni. Baadhi ya barua zilitaja ulemavu usiomzuia mtu kufanya uhasibu, nyingine hazikutaja. Waajiri walioonyesha nia kwa waombaji waliotaja ulemavu walikuwa pungufu kwa asilimia 26 kuliko kwa wasioutaja. Waajiri hao ungewapa dodoso la meneja wangu, wangetia vema palepale.

Kwa hiyo uliza linalomgusa mhojiwa: "Ningeridhika msimamizi wangu akiwa mtu asiyeona." Taja aina ya ulemavu, maana ukiacha neno tupu, wengi huwazia kiti cha magurudumu, na maradhi ya akili, ambayo kwa kawaida ndiyo hupata majibu baridi zaidi, hayapimwi kabisa. Changanya kauli za kusifu na za kubeza, uwanase wanaoshuka na safu moja tangu juu hadi chini. Na usikusanye majina, tafadhali.

Dhana: Alfa ya Cronbach, ile namba ya takwimu ya kukagua dodoso, ikifika 0.9, dodoso linapima kweli kinachokusudiwa.
Alfa inaonyesha tu kwamba majibu ya kauli mbalimbali yanakwenda pamoja. Uliza jambo moja mara kumi kwa maneno tofauti, utaipata hiyo 0.9.

Dhana: Tutatafsiri kipimo maarufu, yaishe.
Kipimo maarufu cha mtazamo, cha mtafiti Yuker na wenzake cha mwaka 1960, kinahusu watu wenye ulemavu kwa jumla, si kazini.

Dhana: Alama zimepanda baada ya semina, basi watu wamebadilika.
Umepima saa kumi jioni, mkufunzi bado yuko mlangoni. Rudi baada ya miezi sita, na uje na orodha ya walioitwa kwenye usaili.