Je, wajua kwa nini vijiji vya Cambridge vilikataa mtambo wa majitaka uhamie mashambani?

Ukisikia wanakijiji wanapinga mtambo wa kusafisha majitaka usijengwe jirani yao, jibu la kwanza linalokujia ni harufu. Nani atapenda kufungua dirisha asubuhi akutane na uvundo? Lakini pembeni mwa mji wa Cambridge, Uingereza, katika vijiji vya Horningsea, Fen Ditton na Stow cum Quy, watu walipinga mtambo wa aina hiyo kwa miaka kadhaa, na harufu haikuwa hoja yao nzito kuliko zote. Swali lao lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: mtambo uliopo unafanya kazi, sasa unahamishwa kwa nini?

Ili kulielewa swali hilo, turudi nyuma kidogo.

Hadi mwishoni mwa karne ya 19, uchafu wa Cambridge uliishia Mto Cam, mto uleule unaopita nyuma ya vyuo maarufu vya mji huo. Mwaka 1894 mji ukajenga kituo cha pampu mtaa wa Cheddars Lane, kando ya mto. Kilikuwa kituo cha maarifa ya kupendeza: takataka za majumbani zilichomwa kwenye matanuri, moto ukachemsha maji, mvuke ukaendesha mashine, na mashine zikasukuma majitaka hadi mashamba ya upande wa Milton, kaskazini mwa mji. Taka ngumu ndiyo iliyokuwa kuni ya kuondolea taka ya maji. Kituo kilifanya kazi hadi mwaka 1968, na leo ni makumbusho ya teknolojia. Bomba lake refu la moshi lingali limesimama.

Kule Milton yalikopelekwa majitaka ndiko, kwa muda wa zaidi ya karne moja, kazi hiyo ilikotia mizizi. Mtambo wa leo uko barabara ya Cowley Road, na unaendeshwa na kampuni ya maji ya Anglian Water. Usiufikirie kama mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, Dar es Salaam, au Ruai, Nairobi, ambako jua, muda na vijidudu hufanya sehemu kubwa ya kazi. Uingereza jua ni la kubahatisha na ardhi ni ghali, kwa hiyo kazi hufanyika kwa mashine. Kwanza vyuma vya kuchuja huzuia matambara, plastiki na kila kitu ambacho hakikupaswa kutupwa chooni. Mchanga hutuama. Kisha maji hupumzishwa kwenye matangi ili uchafu mzito uzame. Baada ya hapo huingia kwenye matangi yanayopulizwa hewa mfululizo, kwa sababu humo wanaishi bakteria wanaokula uchafu ulioyeyuka, na bakteria hao bila hewa hufa. Mwisho maji hutuama tena na kumwagwa mtoni. Tope linalobaki chini hufungiwa ndani ya matangi marefu yasiyopitisha hewa, ambamo bakteria wa aina nyingine hulivunjavunja na kutoa gesi inayoweza kuwashwa.

Jambo la kushika hapa ni kwamba majitaka hupenda kuteremka. Mabomba ya mji mzima yamelazwa kwa mteremko kuelekea pale mtambo ulipo. Kuuhamisha, hata kwa kilomita chache tu, si sawa na kuhamisha ghala. Inabidi kuchimba handaki chini ya ardhi ili kuyatoa majitaka pale yanapofika na kuyapeleka makao mapya, kisha kujenga mdomo mwingine wa kumwaga maji safi mtoni, na kuupitishia umeme na barabara. Yote hayo, na bado hujabomoa mtambo wa zamani wala kusafisha udongo wake.

Basi kwa nini mtu ajiingize katika gharama hiyo?

Kwa sababu ya ardhi iliyo chini ya mtambo. Mji umeukuta mtambo pale ulipo. Mwaka 1970 chuo cha Trinity kilianzisha bustani ya sayansi, yaani eneo la maabara na ofisi za makampuni, karibu na hapo, makampuni ya teknolojia yakajaa, na Mei 2017 kituo kipya cha treni, Cambridge North, kikafunguliwa mwendo mfupi kutoka kwenye matangi yale. Cambridge ni miongoni mwa miji ya Uingereza ambako nyumba zimekuwa ghali kupita uwezo wa walimu, wauguzi na hata watafiti vijana wanaoufanya mji uitwe Cambridge. Halmashauri zikaangalia ramani na kuona kipande kikubwa cha ardhi kilichokwisha kutumika, kando ya reli, ambacho hakifai kujengwa nyumba kwa sababu moja tu. Zikachora mpango wa nyumba 8,350 na ajira 15,000 kwa eneo lote la kaskazini mashariki mwa mji. Sehemu kubwa ya nyumba hizo ingesimama juu ya eneo la mtambo wenyewe, ambalo wamiliki wake ni Anglian Water na halmashauri ya jiji.

Mwaka 2019 serikali kuu ikaahidi pauni milioni 227 kutoka mfuko wa miundombinu ya makazi ili mtambo uhame. Tazama fedha zilitoka wapi: mfuko wa nyumba. Hazikutoka kwenye bajeti ya usafi wa maji. Hapo ndipo shaka ya wanakijiji ilipoanzia, na kwa maoni yangu walikuwa na haki ya kuwa na shaka.

Januari 2021 Anglian Water ikatangaza mahali ilipopachagua, kati ya maeneo matatu yaliyokuwa yakishindanishwa: Honey Hill, yaani kilima cha asali, ng'ambo ya Mto Cam, kaskazini mwa barabara kuu ya A14. Usidanganywe na jina. Pale ni nchi tambarare ya mashamba, na tambarare hiyo ndiyo iliyokuwa tatizo. Matangi ya kuozeshea tope ni marefu kama jengo la ghorofa kadhaa, na mahali pasipo mlima wala msitu, jengo la namna hiyo huonekana kutoka mbali sana. Kampuni ilipendekeza kuuzungushia mtambo tuta la udongo la duara na kupanda miti. Wanakijiji wakajibu kwamba tuta litaficha miguu ya matangi, lakini vichwa vyake vitabaki vikionekana.

Zaidi ya hapo, Honey Hill iko ndani ya Ukanda wa Kijani. Neno hili linahitaji maelezo, maana msomaji wetu anaweza kudhani ni hifadhi kama Mikumi au msitu kama Karura. Sivyo. Hakuna askari wa wanyamapori, hakuna lango wala kiingilio. Mara nyingi ni mashamba ya kawaida ya ngano na shayiri yenye njia za miguu ambazo kila mtu ana haki ya kuzipita. Kinacholindwa ni uwazi wenyewe. Waingereza walianza na sheria ya mwaka 1938 kwa ajili ya London, na mwaka 1955 serikali ikazihimiza halmashauri za sehemu nyingine nazo zitenge mikanda yao, ili miji isitambae ikameza vijiji na mji mmoja usiunganike na mwingine. Leo mikanda hiyo inashika kama asilimia 12 ya ardhi yote ya England. Kanuni yake ni kali: jengo lisilofaa ukandani halipewi kibali ila mwombaji athibitishe kwamba kuna hali ya pekee kabisa, yenye uzito wa kushinda madhara yatakayotokea.

Na mtambo wa majitaka, kwa kanuni hiyo, ni jengo lisilofaa.

Hali ya pekee ilikuwa ipi, basi? Mtambo wa zamani haukuwa umeharibika. Haukuwa umejaa kiasi cha kushindwa kupanuliwa pale ulipo. Hali ya pekee iliyotajwa ilikuwa zile nyumba za mjini. Wanakijiji walipoifuatilia hoja hiyo wakagundua kwamba inazunguka. Ukiusoma mpango wa nyumba, ulisema nyumba zitawezekana mtambo ukishahama, na kwamba kuhama ni suala la kibali kingine. Ukiusoma mradi wa kuhamisha mtambo, ulisema faida yake kubwa ni nyumba zilizomo kwenye ule mpango. Yeyote aliyewahi kuambiwa nenda dirisha lile, na dirisha lile likamrudisha la kwanza, anaujua uchovu huo. Ni wapi hasa mwananchi angesimama na kuuliza kama biashara nzima ina maana: kula ardhi iliyolindwa ili kuikomboa ardhi isiyolindwa?

Kikundi cha wenyeji kilichojiita Save Honey Hill kikalibeba swali hilo. Walichangishana fedha, wakasoma maelfu ya kurasa za nyaraka, wakaandika mapingamizi. Walihesabu pia gharama ya hewa ukaa: kubomoa mtambo unaofanya kazi na kumwaga zege jipya mahali pengine ni uchafuzi unaotokea kabla hata tone la kwanza halijasafishwa. Walitaja malori ya tope, kwa kuwa mtambo huu hupokea pia tope linaloletwa kutoka mitambo midogo ya jirani, na malori hayo yangepita barabara ya Horningsea. Walitaja ardhi nzuri ya kilimo. Harufu waliitaja pia, bila shaka. Hidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama yai viza, pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno hewani. Lakini ukisoma madai yao, neno linalorudi mara kwa mara ni hitaji. Onyesheni hitaji.

Haki inataka upande wa pili nao usikike. Waliounga mkono mradi hawakuwa wabaya wa mashamba. Walisema kwamba watu elfu kadhaa wanaohitaji makazi wasipopata nyumba ndani ya mji, karibu na treni na kazi, watajengewa mbali zaidi, pengine kwenye mashamba mengine, na kila asubuhi wataingia mjini kwa magari. Walisema mtambo mpya ungetumia nishati kwa ufanisi zaidi, gesi yake ingeingizwa kwenye mabomba ya gesi ya taifa, na maji ya kurudishwa mtoni yangesafishwa kwa kiwango cha juu zaidi. Hoja hizi zina uzito. Mimi mwenyewe, kila nikifikiria kijana anayelipa nusu ya mshahara wake kwa chumba kimoja, nazisikia. Ninachokataa ni namna wanakijiji walivyoitwa watu wasiotaka kitu karibu yao, kana kwamba kuipenda ardhi yako kunakunyima haki ya kuuliza swali la kihasibu.

Njia ya kibali nayo ilikuwa ya kipekee. Kwa sheria ya mipango ya mwaka 2008, mtambo wa majitaka huhesabiwa kuwa mradi wa kitaifa moja kwa moja ukiwa na uwezo wa kuhudumia zaidi ya watu 500,000 kwa hesabu ya kitaalamu. Mtambo wa Cambridge haukufika hapo. Ila sheria hiyohiyo inamruhusu waziri kuamuru kwamba mradi fulani uhesabiwe wa kitaifa, na hilo likafanyika mwaka 2021. Matokeo yake ni kwamba uamuzi haukubaki mikononi mwa halmashauri iliyo karibu na wapiga kura wa vijiji vile. Wakaguzi waliteuliwa, wakasikiliza pande zote kuanzia Oktoba 2023 hadi Aprili 2024, na mwenye neno la mwisho akawa waziri wa mazingira. Tarehe ya uamuzi iliahirishwa zaidi ya mara moja. Aprili 2025 kibali kikatolewa.

Ungedhani habari imeishia hapo, na vijijini huzuni ilikuwa kubwa. Lakini miaka iliyopita kati ya ahadi ya mwaka 2019 na kibali cha 2025 ilikuwa ni miaka ya mfumuko wa bei: saruji, chuma, riba, vyote vilipanda. Pauni milioni 227 hazikuweza tena kuchimba handaki na kusimamisha matangi. Agosti 2025 ikajulikana kwamba serikali haitaongeza fedha, na Anglian Water ikasema mradi hautaendelea.

Kwa hiyo, baada ya nyaraka zote na vikao vyote, kibali kipo na fedha hazipo. Kilichouzuia mtambo ni bei. Swali la hitaji halikuwahi kujibiwa kwa namna ambayo wanakijiji wangeikubali. Halmashauri zimebaki na kazi ya kutafuta mahali pengine pa maelfu ya nyumba zilizokuwa zimechorwa juu ya matangi ya Cowley Road, na majitaka ya Cambridge bado yanateremka kuelekea kulekule yalikopelekwa na mvuke wa takataka mwaka 1894.